Kurekebisha sanduku la akriliki liwe chujio la tangi la samaki lisilofurika umeme ukikatika

Masanduku mengi ya akriliki yanayouzwa kama chujio la kukaa chini ya tangi la samaki hutengenezwa kwa kudhani kwamba umeme upo saa zote. Kuta za ndani hupandishwa juu ili sanduku libebe maji mengi, na nafasi tupu inayobaki juu yake ni ndogo. Liweke nyumbani kwako hapa Mtwara, iwe Shangani, Ligula au Mikindani, umeme ukatike usiku mmoja tu, na asubuhi utaanza siku kwa kukausha sakafu. Sanduku si bovu, ila limekatwa kwa mazingira mengine. Hapa tunalikata upya, tunalitoboa na kuliongezea vipande ili liendane na umeme unaokatika, joto la pwani na hewa yenye unyevu. Kama huna sanduku la dukani, la kuonyeshea bidhaa linafaa, au mwombe fundi wa mabango akuchongee. Mafundi hao ndio wenye mabaki ya akriliki mjini.

Kwanza hesabu, msumeno baadaye

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Tangi la juu lina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 45. Sanduku la chini lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35. Maji hushuka kutoka tangi la juu kwa bomba la kushushia, hupita kwenye sanduku, na pampu huyarudisha juu kwa bomba la kupandishia. Ndani ya sanduku kuna chumba kikubwa cha vichujio (sponji na vigae vinavyosafisha maji), kisha kuta tatu zilizokaribiana, kisha chumba cha pampu chenye urefu wa sentimita 15. Katika kuta hizo tatu, ya kwanza na ya tatu maji hupita juu yake. Ya katikati imeachwa wazi chini kwa sentimita 3 hivi na maji hupita chini yake. Kazi ya mpangilio huo ni kuondoa mapovu kabla maji hayajafika kwenye pampu. Vizingiti vya kiwandani, yaani kingo za kuta ambazo maji hupita juu yake, viko kwenye kimo cha sentimita 28.

Pampu ikisimama, maji hushuka kwa njia mbili. Yaliyo juu ya mdomo wa bomba la kushushia humalizikia chini. Na bomba la kupandishia, kama mdomo wake umezama, hugeuka likaanza kuvuta maji kurudi chini, kama vile mtu anavyonyonya mafuta kwa mpira. Halikomi mpaka mdomo upate hewa. Tuseme mdomo umezama sentimita 4. Kila sentimita ya maji kwenye tangi la juu ni lita 4 (100 × 40 × 1 = sentimita za ujazo 4,000), kwa hiyo zinashuka lita 16. Ongeza lita 2 zilizomo kwenye mabomba: jumla 18.

Sasa angalia sanduku lina nafasi gani. Kila sentimita juu ya vizingiti ni lita 1.8. Vizingiti vikiwa 28, zimebaki sentimita 7, yaani lita 12.6. Chumba cha pampu, maji yake yakiwa kwenye kimo cha 20, kina nafasi ya lita 3.6 kabla ya kufika 28. Jumla ni lita 16.2. Zinakuja 18. Hizo karibu lita 2 zinazobaki ndizo zinazoenda sakafuni.

Shusha vizingiti hadi 22 na uendeshe chumba cha pampu kwenye 16, hesabu inageuka: 23.4 na 2.7, lita 26.1. Sasa una akiba.

Utaambiwa na wengi kwamba hakuna haja ya kukata chochote; toboa tu katundu kwenye bomba la kupandishia, sentimita moja chini ya usawa wa maji, hewa iingie mapema na mvuto ukatike. Toboa, tena toboa mawili ya milimita 4. Lakini usiyategemee. Matundu hayo huzibwa na mwani na konokono, na huwezi kujua yameziba mpaka umeme ukatike. Hesabu ya sanduku ifanyike kana kwamba hayapo.

Hakikisha ulichonacho ni akriliki

Plastiki angavu ni nyingi na zote zinafanana. Kata kipande kidogo pembeni, kipeleke nje, kishike kwa koleo na ukiwashe. Akriliki huwaka polepole, moshi kidogo, harufu tamu ya matunda. Polistirini hutoa moshi mweusi wa masizi. Polikaboneti huzimika yenyewe ukiondoa moto. Gundi tutakayotumia imekusudiwa akriliki.

Akriliki yenyewe ina aina mbili: iliyomiminwa kwenye kalibu na iliyosukumwa kwa mashine. Ya kwanza ukiitoboa hutoa unga na vipande vikavu. Ya pili huyeyuka na kung'ang'ania kwenye biti. Zote zinafaa, ila ya pili hupasuka nyufa ndogondogo kwa urahisi zaidi inapoguswa na gundi, kwa hiyo kwa vipande vipya tafuta ya kwanza, unene wa milimita 5 au 6.

Kama fundi wa mabango amekukatia kwa mashine ya leza, ukingo utang'aa na utaupenda. Usiugundishe hivyo. Joto la leza huacha msongo ndani ya ukingo, na gundi ikigusa hapo nyufa hujitokeza papo hapo au baada ya wiki. Kwangua ukingo kwa mgongo wa ubapa wa msumeno mpaka umeondoa ngozi ya juu yote. Ni sababu ileile inayokataza kulainisha ukingo kwa moto kabla ya kugundisha.

Na kuanzia sasa, spiriti, sanitaiza, petroli, tina, asetoni na dawa za vioo zenye amonia zisikaribie sanduku hili. Lisafishe kwa maji na kitambaa laini kilicholowa. Usilifute kavu likiwa na vumbi, mchanga wa pwani utalichana.

Kushusha vizingiti

Vifaa: msumeno wa chuma wenye meno madogo, kisu cha kukwarua plastiki (au kipande cha ubapa wa msumeno ulichokinoa ncha iwe ndoano), rula ya chuma, tepu ya karatasi, tupa ya duara, msasa namba 120 na 240, vibao viwili vya mbao na koleo.

Bandika tepu pande zote mbili za ukuta na uchore mstari kwenye kimo cha sentimita 22. Usikate ukuta wote. Acha masikio ya sentimita 3 kila upande, yaliyoshikana na kuta za sanduku. Ndiyo yanayozuia ubavu usitanuke sanduku likijaa. Unachokata ni dirisha la katikati.

Kata kwa msumeno kutoka juu kwenda chini, mara mbili, pembeni mwa kila sikio, hadi mstarini. Nenda polepole. Ukihisi plastiki inanata kwenye meno, pumzika ipoe. Kisha egemeza rula kwenye mstari na ukwarue kutoka mkato mmoja hadi mwingine, ukiwa upande wenye nafasi: ukuta wa kwanza kutokea chumba cha vichujio, wa tatu kutokea chumba cha pampu. Kwarua mara nyingi kwa nguvu ileile, mpaka ufikie karibu nusu ya unene. Wenye haraka hukwarua mara tano na kuvunja. Ufa huenda unakotaka wenyewe.

Bana kipande cha kuondoa kati ya vibao viwili kwa koleo, usukume juu yake kwenda mbali nawe, ili mfereji uliokwarua ufunguke. Kitakatika kwa mlio mkali. Mikato miwili ya msumeno ndiyo inayozuia ufa usivuke kwenda kwenye masikio, ndiyo maana ilitangulia.

Bado kazi moja ambayo watu huiruka. Kona za ndani za dirisha zikiwa kali, ufa utaanzia hapo siku moja. Ziviringishe kwa tupa ya duara, kisha pitisha msasa kwenye ukingo wote. Ukuta wa katikati uache ulivyo.

Ujue pia kwamba maji hayatasimama kwenye 22 kamili. Kwa pampu inayopeleka lita 1,000 kwa saa na dirisha la sentimita 24 hivi, maji hupanda karibu sentimita moja juu ya kizingiti. Kwenye akiba tuliyopata, hilo halina shida.

Tundu la dharura

Kuna mtu nyumbani ataongeza maji bila kuangalia mstari wa mwisho wa kujaza, tutakaouchora wakati wa jaribio. Kwa ajili yake, weka tenki konekta (kiungo cha bomba chenye uzi, raba na nati) ya nusu inchi kwenye ukuta wa mwisho wa chumba cha pampu, kitovu chake kiwe sentimita 3 chini ya ukingo wa juu, na bomba lielekee nje au kwenye ndoo. Halitaokoa tangi likipasuka, ila litaokoa sakafu maji yakizidi kidogo.

Uzi wa nje wa nusu inchi una kipenyo cha karibu milimita 21. Hata hivyo, konekta za madukani hutofautiana umbo, kwa hiyo pima yako kwanza, ongeza milimita moja, na hapo ndipo ununue msumeno wa tundu. Akriliki hutanuka kwa joto, na tundu lililobana hupasuka.

Bandika tepu nje na ndani. Weka kibao nyuma ya sehemu unayotoboa na ukibane kwa klampu. Tundu la kati litoboe kwa biti ndogo, lakini usitumie biti mpya iliyonolewa kwa chuma: makali yake hung'ata plastiki na kuivuta. Yapunguze kidogo kwa jiwe la kunolea, yawe yanakwangua badala ya kuchimba. Kisha msumeno wa tundu, drili ikizunguka polepole, maji yenye tone la sabuni yakidondoshwa na mtu wa pili ambaye hashiki drili. Umeme na maji visikutane mkononi mwako. Ukianza kwa kuzungusha kinyume kwa sekunde chache, meno yatachora mfereji bila kuruka. Yakikaribia kutokea upande wa pili, punguza mkono kabisa.

Lainisha ukingo wa tundu. Raba ya konekta ikae ndani, upande wa maji, na nati ikazwe kwa vidole kisha robo mzunguko kwa spana. Basi. Anayekaza mpaka raba ichomoze ndiye atakayepata ufa. Silikoni usiiweke, haishiki vizuri kwenye akriliki, na raba safi haiihitaji.

Sinia la matone

Badiliko hili ndilo lenye faida kubwa kwa samaki wenyewe. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti wanahitaji oksijeni muda wote. Maji ya nyuzi 30 yakishiba hubeba takriban miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 20 hubeba zaidi ya 9. Kwa joto la Lindi na Mtwara unaanza na akiba ndogo, na vichujio vilivyozama kwenye maji yaliyosimama huimaliza upesi. Vichujio vilivyo hewani, vikiwa vimelowa, vinaendelea kupumua hata pampu ikiwa imezimwa, mradi maji yaliyorudi hayajavifunika. Kwa hiyo, nafasi tuliyoipata kwa kushusha vizingiti tunaijaza vichujio vya matone, yaani vinavyodondoshewa maji vikiwa hewani.

Kata bamba la akriliki litakalokalia chumba cha kwanza, liwe dogo kuliko chumba kwa milimita 2 kila upande. Toboa matundu ya milimita 5 kila baada ya sentimita 2. Litakaa juu ya papi mbili (vipande virefu vyembamba vya akriliki) za upana wa sentimita 1.5, zitakazogundishwa kwenye kuta ndefu, kimo cha sentimita 30. Bamba lenyewe usiligundishe, utahitaji kulitoa na kuliosha.

Kugundisha

Gundi ya kweli ya akriliki ni nyepesi kama maji, na ndani yake mara nyingi huwa na dikloromethani au klorofomu. Haibandiki kama gundi ya mbao. Inayeyusha nyuso mbili zikaungana kuwa kitu kimoja, ndiyo maana haina uwezo wa kuziba pengo. Nyuso zisipokutana, hakuna kiungo.

Mvuke wake ni hatari. Fanya kazi barazani au chumba chenye madirisha wazi pande mbili, vaa glovu, watoto wakae mbali, na kusiwe na jiko la mkaa, sigara wala moto wowote karibu, kwa sababu mvuke huo ukipita kwenye moto hugeuka gesi ya sumu. Iweke kwenye chupa ya kioo, si kikombe cha plastiki.

Hali ya hewa nayo ina kauli. Gundi hii hukauka haraka sana na kupoza uso wa plastiki. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, umande hutua kwenye kiungo na kukifanya cheupe na dhaifu. Kusini huku, kati ya Desemba na Aprili mvua ikiwa imetanda, ahirisha. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ndiyo mizuri, na saa nzuri ni kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, kivulini. Jua kali usilitafute: akriliki ya sentimita 60 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka karibu milimita 1, na vipimo vyako vitahama.

Laza sanduku ubavu mmoja, ili ukuta unaogundisha uwe chini. Simamisha papi mahali pake, chini yake uwe umeingiza pini nyembamba za kushonea, kila baada ya sentimita 8 hivi, ili ubaki mwanya mdogo sana. Vuta gundi kwenye bomba la sindano lenye sindano nyembamba, upitishe ncha kwenye kona. Hutahitaji kusukuma, gundi itakimbia yenyewe ndani ya mwanya. Subiri kama nusu dakika uso ulainike, chomoa pini, na papi itakaa. Weka uzito mdogo juu, kitabu kinatosha. Ukikandamiza sana unaikamua gundi yote nje.

Tone likidondoka pasipotakiwa, usifute. Liache likauke. Ukifuta unatandaza alama.

Kiungo kizuri ni angavu. Ukiona mapovu machache si tatizo kwa papi inayobeba sinia, lakini kwenye kona inayozuia maji usiridhike. Subiri siku nzima kabla ya kugeuza sanduku upande wa pili, na siku mbili baada ya hapo kabla ya kutia maji. Mabomba ya PVC usijaribu kuyagundisha kwenye akriliki. Kazi hiyo ni ya konekta.

Jaribio

Liweke sanduku nje, juu ya ubao ulionyooka, na utandike gazeti kavu chini yake. Jaza maji hadi karibu na tundu la dharura na uliache usiku kucha. Gazeti litakuonyesha uvujaji ambao jicho halioni.

Kisha ingiza ndani, unganisha, washa pampu. Maji yakitulia, ziba kwa tepu yale matundu mawili ya kukata mvuto na uzime swichi ukutani. Simama hapo uangalie maji yanapanda mpaka wapi. Yakisimama chini ya tundu la dharura, chora mstari kwenye chumba cha pampu mahali maji yalipokuwa kabla ya kuzima, na uandike kwa kalamu isiyofutika: MWISHO WA KUJAZA. Yasiposimama, punguza maji ya mfumo na urudie. Ukimaliza, toa tepu.

Kama tangi la juu halina tundu na unatumia kisanduku cha kuning'inia chenye bomba la mvuto kwa ajili ya kushusha maji, rudia jaribio mara kadhaa mfululizo ukiangalia umeme unaporudi. Mabomba hayo hupoteza mvuto yakiingiwa na hewa, halafu pampu hupandisha maji yasiyo na njia ya kushuka. Binafsi nisingekiweka nyumbani kwangu. Ni heri kutoboa tangi, mradi kioo chake si kile kilichoimarishwa kwa joto kiwandani, kwani hicho husambaratika.

Kujaza vichujio

Juu ya sinia weka sponji ya kuzuia taka, chini yake kikapu cha plastiki chenye vigae vya vyungu vilivyovunjwavunjwa na kuoshwa vizuri. Vigae visivyopakwa rangi wala kung'arishwa vina vinyweleo vingi na havibadilishi maji. Sponji ya godoro iache, huwekwa kemikali na humeguka.

Kwa samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa, wanaopenda maji magumu yenye pH ya takriban 8, changanya na mawe ya chokaa au makombe yaliyochemshwa. Kwa samaki wa maji laini usiweke. Matumbawe usiyachukue baharini, sembuse ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Screw na vibanio vya chuma navyo vikae mbali. Chumvi ya hewa huvila, na vya shaba ni sumu kwa uduvi na konokono.

Maji ya bomba yenye klorini yakae kwenye ndoo wazi saa 24 kabla ya kuyatumia. Chujio jipya huchukua takriban wiki nne hadi sita kukomaa. Ukipata sponji chafu kutoka tangi la mwenzio lenye samaki wazima, ikamulie humo na muda utapungua sana.

Kila wiki chokonoa matundu ya bomba kwa kijiti. Kila mwezi mulika tochi kwa ubavu kuzunguka nati ya konekta na kwenye kona za madirisha, maana nyufa za mwanzo huonekana kwa mwanga wa pembeni tu. Ukiona ufa unaotoka kwenye tundu la konekta, zima pampu, teremsha maji chini yake, fungua nati, na utoboe katundu ka milimita 2 pale hasa ufa unapoishia ili usiendelee. Kausha sehemu hiyo kwa siku mbili, gundishia kiraka cha akriliki upande wa ndani, na tundu jipya la konekta litoboe kupitia kiraka hicho.